Kukaba mtu, kukaba eneo au kuchanganya: ipi inaifaa timu yako kwenye kona?

Karibu kila wiki kocha mwenzangu wa timu ya vijana huniuliza, "Mwalimu, kona tukabe vipi?" Na mimi humrudishia swali: kipa wako anatoka golini kuifuata mipira ya juu au hatoki? Akishanijibu hilo, nusu ya kazi imekwisha. Nimefundisha vijana wa chini ya miaka 17 kwa misimu kadhaa, uwanja wa vumbi, mazoezi Jumanne na Alhamisi, na njia zote tatu za kulinda kona nimezijaribu. Nazipanga hapa pamoja na njia za kupiga, kwa sababu beki asiyejua mpigaji anataka nini hukaba kwa kubahatisha.

Mipira iliyokufa, yaani kona, faulo na penalti, si jambo dogo. Kombe la Dunia la mwaka 2018 Uingereza walifunga mabao 12, na 9 kati ya hayo yalitokana na kona, faulo na penalti. Fainali ya AFCON kule Abidjan, tarehe 11 Februari 2024, Troost-Ekong aliifungia Nigeria kwa kichwa baada ya kona, na Kessié akaisawazishia Ivory Coast kwa kichwa baada ya kona vilevile. Hao ni wachezaji wanaokabwa na mabeki wanaolipwa mamilioni. Kijana wako wa miaka 16 aliyetoka shule saa tisa na nusu na kufika mazoezini saa kumi anahitaji msaada mkubwa zaidi ya kelele za "Kaba! Kaba!" kutoka kwenye benchi.

Kona zenyewe nazo zinaweza kuongezeka. Tangu msimu wa 2025/26, kipa akishika mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, mwamuzi anawapa wapinzani kona. Kipa wako ana tabia ya kulala juu ya mpira mnapoongoza? Mwambie mapema.

Mtu kwa mtu

Njia hii inaeleweka upesi kuliko zote. Kila beki anapewa mtu wake: wewe na namba tisa, wewe na beki wao mrefu, wewe na yule mwenye kichwa kizuri. Hakuna cha kuchora mchangani. Ndiyo maana timu nyingi za mtaani zinaitumia, na haina aibu yoyote. Ugiriki ya Otto Rehhagel ilichukua Euro 2004 ikikaba mtu kwa mtu mchezo mzima, wakati Ulaya ilishaanza kuiona njia hiyo kuwa ya kizamani. Kinachoifanya ifanye kazi ni uwajibikaji: bao likiingia, kila mtu anajua nani alimwacha nani.

Uwajibikaji huohuo ndio ulioniuma. Mechi ya mtoano, tunaongoza 1-0, zimebaki dakika chache. Beki wangu wa kati, kijana mrefu kuliko wote, amesimama na namba tisa wao, mkono umegusa mgongo wake, kila kitu sawasawa. Mpigaji akainua mkono. Kijana wangu akageuza uso wote kuuangalia mpira. Namba tisa akarudi hatua mbili nyuma, akazunguka upande wa bega lisiloona, akaibuka mbele ya nguzo ya karibu, ile ya upande wa kona, peke yake. Bao. Baada ya mechi kijana aliniambia machozi yakimlenga, "Mwalimu, nilimwacha sekunde moja tu." Ni kweli, ilikuwa sekunde moja. Lakini kosa lilikuwa langu: nilimwambia amkabe nani, sikumfundisha asimame vipi.

Ukichagua njia hii, fundisha kusimama. Beki asiukabili mpira moja kwa moja wala asimkabili mtu wake moja kwa moja. Asimame ubavu, mguu mmoja mbele, ili kwa jicho moja aone kona na kwa jingine aone kifua cha mtu wake. Awe upande wa goli kila wakati. Mkono wa kugusa uwe wazi, usishike jezi, maana penalti ya kuvuta jezi ni zawadi kwa mpinzani.

Ubaya mwingine ni kuzibiana njia. Mshambuliaji mmoja anasimama tu njiani, beki anamgonga akikimbiza mtu wake, na mtu wake ameshafika. Uingereza mwaka 2018 walilifanya hili kwa ustadi. Walijipanga mstari mmoja kama watu kwenye foleni ya daladala, kila mmoja nyuma ya mwenzake, kisha mpigaji akianza kukimbia wanatawanyika kila mmoja na njia yake. Beki aliyepewa mtu wa tatu kwenye mstari anampitia wapi? Kama mpinzani wako anaijua michezo hiyo, mtu kwa mtu tupu itakutesa.

Kukaba eneo

Hapa humpi beki mtu, unampa kipande cha uwanja. Mmoja nguzo ya karibu, watatu au wanne kwenye mstari wa sita, yaani mstari wa boksi dogo, wengine hatua chache mbele yao. Mpira ukija kwenye kipande chako ni wako, bila kujali nani anaukimbilia. Faida yake kubwa ni kwamba mabeki wanauangalia mpira, na wako pale ambapo mabao mengi ya kona hufungwa, yaani mita chache mbele ya kipa. Mshambuliaji hawezi kuwavuta nje. Akizunguka, azunguke, wao hawamfuati.

Liverpool ya Rafa Benítez ilisemwa sana kwa njia hii. Kila ilipofungwa kwa kona, wachambuzi walionyesha mchezaji anaruka bila mtu wa kumgusa, wakasema, "Mnaona?" Sikubaliani na namna ile ya kuhukumu. Timu inayokaba mtu ikifungwa, analaumiwa beki. Inayokaba eneo ikifungwa, unalaumiwa mfumo. Bao ni lilelile, ila lawama zinaelekezwa kwingine, na kocha mwenye hofu ya maneno ya jukwaani atachagua njia inayomlinda yeye badala ya inayolilinda goli.

Lakini udhaifu upo, na ni wa mwili. Mtu anayeruka akiwa amesimama hapandi juu kama mtu anayeruka baada ya kukimbia hatua tano. Beki wako yuko kwenye kipande chake, miguu imetulia. Mshambuliaji anatoka ukingoni mwa kumi na nane, yaani boksi kubwa, amechanganya mbio. Hata mkilingana urefu, ana sentimita kadhaa zaidi yako hewani. Na kwa vijana kuna tatizo la pili: mpira ukidondoka kati ya vipande viwili, kila mmoja anamtazama mwenzake. Dawa yake ni mazoezi mengi na sauti. Kwa timu inayokutana mara mbili kwa wiki, na Jumanne moja nusu ya wachezaji wako kwenye mitihani, sijawahi kuona kukaba eneo kutupu kukikolea.

Kuchanganya, na kwa nini naipendelea

Unachukua mabeki wenye vichwa vizuri unawapa maeneo, na wale wafupi lakini wakorofi unawapa kazi moja tu: kuwasumbua wakimbiaji wao hatari. Hawaruki nao. Wanasimama njiani mwao kihalali ili wasifike kwa mbio. Hapo umeuziba udhaifu wa kukaba eneo bila kurudi kwenye mateso ya mtu kwa mtu.

Hesabu ninayoitumia ni hii. Mmoja mbele kidogo ya nguzo ya karibu. Wanne kwenye mstari wa sita, yule bora kwa kichwa akiwa wa pili kutoka upande wa kona, mbele ya katikati ya goli. Wasumbufu watatu karibu na alama ya penalti. Mmoja ukingoni mwa kumi na nane kwa ajili ya mpira wa pili, yaani ule unaookolewa na kudondoka nje. Mmoja mbele, mwenye mbio. Jumla kumi, na kipa.

Naifundisha kwa vizibo vya soda. Nachora goli kwenye vumbi, naweka vizibo vyekundu vinne kwenye mstari, vya njano vitatu mbele yake, halafu namwambia kijana mmoja adondoshe jiwe popote. Lilipoanguka, kila mmoja ataje jina la mwenye mpira ule. Wakikosana, tunarudia. Dakika kumi za vizibo zimenisaidia kuliko nusu saa ya kupiga kona ovyo, kwa sababu kijana anakimbilia alichokwisha kukitamka.

Ni kweli njia hii ina mambo mengi zaidi ya kukumbuka. Mkibadilisha mchezaji dakika ya 70, aliyeingia ajue ni kizibo cha rangi gani. Nimeshafungwa kwa sababu hiyo. Tangu hapo anayeingia haanzi kukimbia uwanjani kabla hajaniambia nafasi yake kwenye kona.

Rudi kwa kipa

Nilianza na kipa na lazima nimrudie, maana yeye ndiye anayeamua hesabu hiyo isogezwe wapi. Kipa anayetoka, mwenye mikono mikubwa na asiyeogopa kugongwa, anahitaji nafasi. Ukimjazia watu wanne puani pake unamfunga miguu; wasogeze mabeki hatua moja mbele ya mstari wa sita, umwachie njia. Kipa asiyetoka, na wapo wazuri sana wa kuokoa mashuti lakini hewani hawapendi, mlinde. Beki bora kwa kichwa asimame karibu naye, na mwingine amzuie yule mshambuliaji anayekuja kumbana.

Kubanwa huko sasa ni sanaa. Arsenal msimu wa 2023/24 walifunga mabao 16 ya kona kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, chini ya kocha wao wa mipira iliyokufa, Nicolas Jover. Ukiwatazama, kazi ya Ben White mara nyingi haikuwa kugusa mpira kabisa. Alikuwa anasimama kwenye njia ya kipa, basi. Gabriel na wenzake wanaanzia mbali, nguzo ya pili, wanaingia kwa mbio, na kipa amechelewa nusu hatua. Vijana wanaangalia mechi hizo kwenye vibanda umiza na Jumamosi wanaiga. Kama hujampa mtu kazi ya kumlinda kipa wako, atabanwa na beki wa kushoto wa mtaa wa pili.

Maneno ya kipa yawe mawili tu. "Yangu!" maana yake kila mtu ampishe. "Toa!" maana yake sitoki, pigeni. Kipa anayenyamaza ni hatari kuliko kipa mfupi.

Na nguzo? Wapo wanaoweka mtu kwenye kila nguzo, wapo wasioweka hata mmoja. Mtu wa nguzoni huokoa mpira uliokwisha kumpita kipa, hilo halina ubishi. Lakini anagharimu. Kona ikipigwa moja kwa moja hakuna kuotea. Ikishatolewa na kurudishwa ndani, kuotea kunarudi, na yule wako aliyeganda nguzoni anawaweka halali wapinzani wote. Kwa vijana naweka mmoja, nguzo ya karibu, na sharti lake ni kutoka mbio mara tu mpira unapotolewa.

Ukiwa wewe ndiye unayepiga

Kona inayojikunja kuingia golini inahitaji mpigaji wa mguu wa kushoto upande wa kulia, na wa kulia upande wa kushoto. Saka na Rice wa Arsenal wanafanya hivyo hasa. Fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 1998, Zidane wa Ufaransa alifunga mabao mawili ya kichwa namna hiyo: Petit, wa mguu wa kushoto, alipiga kutoka kulia, Djorkaeff, wa mguu wa kulia, akapiga kutoka kushoto. Uzuri wake ni kwamba mguso wowote ni hatari. Ukimgonga beki unaweza kuingia, na usipoguswa na mtu bado unaelekea golini. Ubaya wake ni kwamba unakwenda kwa kipa, na kipa anayetoka vizuri atauchukua kama embe lililoiva.

Kona inayojikunja kutoka inamkimbia kipa na kumfuata mshambuliaji anayekuja mbio, kwa hiyo kichwa kinapigwa kwa nguvu. Kwa kipa anayetoka, hii ndiyo ya kuchagua. Lakini inataka wapigaji wa kichwa wa kweli, maana unafunga kutoka mita nane au tisa na si mbili. Timu yangu ina watu wawili wa namna hiyo msimu mzuri, na mmoja msimu mbaya. Ndiyo maana kwa vijana nachagua ya kuingia: fujo ndani ya sita inawasaidia zaidi wasio na vichwa vikubwa.

Kona fupi naiheshimu lakini naitumia kidogo. Inawavuta mabeki nje na kubadilisha pembe ya krosi. Inafaa pale wapinzani wanapowaacha wawili wenu dhidi ya mmoja pale pembeni. Wakumbushe wachezaji mambo mawili. Mpinzani haruhusiwi kuwa ndani ya mita 9.15 kutoka kwenye tao la kona kabla mpira haujapigwa, kwa hiyo wana muda. Na aliyepiga kona, akisimama palepale kungoja arudishiwe, mara nyingi ameotea. Nimeona kona nzuri nyingi zikifia hapo.

Kuna pia kona ya haraka. Usiku wa tarehe 7 Mei 2019 pale Anfield, Trent Alexander-Arnold wa Liverpool alijifanya anauacha mpira, akageuka, akapiga. Origi peke yake ndiye aliyekuwa macho, na Barcelona wakawa wamefungwa la nne. Hiyo huwezi kuipanga, ila unaweza kumwambia beki wako asiipe kona mgongo hata mara moja.

Usipeleke watu wote. Acha wawili nyuma na kipa, na mmoja ukingoni mwa kumi na nane. Huyo wa ukingoni ndiye anayewafungia watu bila kuonekana. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya mwaka 1999, Beckham wa Manchester United alipopiga ile kona ya kwanza dakika za nyongeza, Bayern waliutoa mpira, ila kwa udhaifu. Ukamkuta Giggs ukingoni mwa boksi, akapiga shuti dhaifu, Sheringham akaumalizia. Bila mtu pale nje, kona ile ilikuwa imekwisha.

Faulo za pembeni

Hapa sitakaa sana, kwa sababu uamuzi ni mmoja tu: mstari wa mabeki uwe wapi. Kwenye faulo kuotea kupo, na hiyo ni silaha ambayo kwenye kona huna. Mstari ukikaa kwenye kumi na nane, kipa anapata uwanja wa kutoka na washambuliaji wanalazimika kusubiri. Ukirudi ndani ya sita umemjazia kipa watu wa timu zote mbili kwa hiari yako. Napendelea mstari wa juu, wote wakishuka pamoja mpigaji anapougusa mpira, si kabla. Mmoja akishuka mapema, mtego wote umekufa.

Faulo ya moja kwa moja karibu na boksi, ukuta wa vijana wanne unatosha, kipa aupange akiwa amesimama nguzoni na arudi upesi. Mshambuliaji haruhusiwi kusogea ndani ya mita 1 ya ukuta wenye watu watatu au zaidi. Mwambie nahodha alidai hilo kwa mwamuzi kwa heshima. Kumlaza mtu nyuma ya ukuta, kama Brozović wa Inter alivyomzuia Suárez wa Barcelona kule Camp Nou Oktoba 2018, kunafaa dhidi ya mpigaji anayeweza kweli kupitisha mpira chini ya miguu. Mtaani wengi hupiga juu ya mtambaapanya, na yule aliyelala ni mtu mmoja pungufu kwenye mpira wa pili.

Kama mechi yako ni Jumapili na leo ni Ijumaa, usibadilishe mfumo, hata kama haya yote yamekuingia. Endelea na ulionao, hata kama ni mtu kwa mtu tupu. Badilisha kitu kimoja: mtafute mchezaji wako bora kwa kichwa, mtoe kwenye kumkaba mtu yeyote, msimamishe mbele ya katikati ya goli kwenye mstari wa sita, umwambie kila mpira unaopita hapo ni wake. Jumanne ijayo ndipo ukaanze kutafuta vizibo.